Povu linalokula sakafu: Sabuni ya mia tano na asidi zagombea bafu za Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Katesh. Mabasi ya Arusha yameshaanza kupiga honi na Mlima Hanang bado umejifunika ukungu hadi kiunoni. Katika gesti moja ya vyumba 12, binti mhudumu amechuchumaa ndani ya bafu la chumba namba saba. Sketi kaikunja magotini, kandambili miguuni, mikono mitupu. Mbele yake kuna vitu vitatu: ndoo iliyojaa nusu, brashi iliyoisha meno, na chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, sasa ina kimiminika cha manjano, haina lebo.

Anamimina. Sakafu inachemka. Povu jeupe linapanda kwa sauti ya mafuta yanayokaanga, na harufu inapanda nalo. Binti anageuza uso, anakohoa mara mbili kwenye kiwiko, kisha anaanza kusugua. Baada ya dakika tatu bafu limekuwa jeupe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, taulo begani, nasubiri zamu yangu kwa sababu bafu la chumbani kwangu lilikuwa limeziba. Nikamuuliza ile ni dawa gani. Akaniambia ni asidi ya chooni, bosi ananunua kwa lita. Sabuni ipo stoo, lakini inachelewesha.

Mhariri alinituma huku na swali lililoonekana dogo: bafu, liwe la sementi, la marumaru, au lile sinki kubwa la kuogea la kujilaza ndani, linaweza kutakata kwa sabuni ya kawaida ya dukani, au ni lazima uwe na dawa? Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Nikakaa siku sita kati ya Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini, nikarudi na vidole vilivyokunjamana na maoni ambayo sikuondoka nayo.

Mgeni anataka weupe

Barabara ya lami ya Babati hadi Singida imeibadili Katesh. Madereva wa malori, wachuuzi wa ng'ombe, wanunuzi wa ngano na watumishi wanaohamishwa wote wanalala mjini, na wote siku hizi wanauliza jambo moja wakifika mapokezi: chumba ni selfu?

Zamani mgeni alipewa ndoo ya maji ya moto, kopo, na kuelekezwa bafu la uani. Leo kila chumba kina bomba lake la mvua na marumaru zake. Gesti ya vyumba 12 ina bafu 12 za kusugua kila asubuhi, na mara nyingi wahudumu wawili tu, ambao pia wanafua mashuka, wanapiga deki na kuchemsha maji ya chai.

Mwenye gesti mmoja alinipigia hesabu bila kuona haya. Kwa asidi, bafu moja ni dakika tatu. Bafu zote 12 zinakwisha kabla chai haijapoa. Kwa sabuni, ukitaka itoke kweli, ni dakika 25. Zidisha mara 12: saa tano za mtu mmoja. Na sabuni inataka kusuuzwa. Kiangazi, bomba linapokuwa la mgawo na simtanki inajazwa kwa maji ya kununua, kila ndoo ina bei yake.

Sikuona pa kumcheka. Anachouza ni usiku mmoja, na mgeni hakagui bafu kwa darubini. Anafungua mlango, akiona peupe analipa, akiona pamefifia anauliza kama hakuna gesti nyingine.

Ila hesabu yake ina shimo. Nilionyeshwa shimo hilo Haydom, na fundi wa marumaru.

Alinipeleka kwenye bafu alilolijenga mwenyewe, halijamaliza hata miaka minne. Akapiga magoti, akachomeka ncha ya bisibisi kati ya marumaru mbili. Ikazama. Ile sementi nyeupe ya kujazia viungo ilikuwa imelika, imebaki unga. Akagonga marumaru moja kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu: maji yameshapita chini. Akaniambia kazi za namna hii ndizo zinazomlisha, kwa hiyo yeye hana ugomvi na asidi.

> Povu linaloonekana bafuni si uchafu unaokimbia. Ni sakafu yenyewe inayoyeyuka.

Mambo yako hivi. Asidi ya chooni, ambayo kwa kawaida ni haidrokloriki, inakula chokaa. Sementi nayo zaidi ya nusu ya uzito wake inatokana na chokaa. Zikikutana, hewa ya ukaa inatoka, na kutoka kwake ndilo lile povu na ule mlio wa kukaanga. Uchafu unaondoka kweli, ila unaondoka kwa sababu ngozi ya sakafu iliyoushika imeondoka nao. Kinachobaki ni sakafu yenye vitundu vidogo kama mkate. Vitundu vinakamata uchafu haraka kuliko sakafu laini, kwa hiyo wiki ijayo itahitajika asidi zaidi. Waliowahi kukopa kwa wakopeshaji wa mtaani wanaujua mtindo huu.

Uchafu unaotokana na sabuni

Kabla ya kuamua ni sabuni gani, nilitaka kujua hasa kinachosuguliwa ni nini. Jibu lilinishangaza: sehemu kubwa ya uchafu wa bafu imeletwa na sabuni.

Sabuni ya asili, ile ya mche na nyingi za kuogea, ni mafuta yaliyopikwa na magadi makali. Mafuta hayo yanaweza kuwa ya mawese, ya nazi, au ya ng'ombe ambao wilaya hizi zinao tele. Kwenye maji laini, kama yale yanayoshuka kutoka milima yenye misitu kama Nou, sabuni hiyo inatoa povu na kuondoka. Kwenye maji magumu, yenye madini mengi ya chokaa kama ya baadhi ya visima, sabuni na madini vinashikana na kutengeneza kitu kama maziwa yaliyoganda. Hakiyeyuki. Kinajibandika ukutani na sakafuni, kinachanganyika na mafuta ya mwili na lile vumbi jekundu la Mbulu, kinakauka, na kesho yake kinaongezwa tabaka jingine.

Ndio ule ukoga wa kijivu unaouona usawa wa goti kwenye kila bafu la kupanga. Ukiusugua kwa sabuni ya mche na maji yale yale magumu, unaongeza kile unachojaribu kukitoa.

Sabuni ya unga na sabuni nyingi za maji ni ukoo mwingine. Hizi zimetengenezwa kwa kemikali zisizoshikana na madini ya chokaa kwa urahisi, na zilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Hazigandi. Kwa kazi ya bafu, tofauti hiyo ina maana kuliko jina lililoandikwa kwenye pakti, na ina maana kuliko bei.

Na baridi. Watu wa Pwani hawaelewi hili. Mbulu mwezi wa Julai, maji ya bomba asubuhi yanauma meno. Mafuta yaliyoganda ukutani hayalainiki kwa maji ya namna hiyo hata umwage pakti nzima. Binti wa gesti alikuwa anapigana na mafuta kwa maji ya baridi, na pengine ndiyo maana sabuni ilikuwa inamchelewesha.

Ng'ombe mmoja na kuku 14

Sinki la kuogea la kujilaza ndani ni kitu adimu wilaya hizi. Utalikuta kwenye nyumba za zamani za misheni, baadhi ya nyumba za watumishi zilizojengwa enzi za mkoloni, na siku hizi kwenye nyumba za waliofanikiwa, ambako mara nyingi linatumika kuhifadhia maji ya mgawo. Nyumba niliyofikia Mbulu mjini ilikuwa nalo: la chuma, zito, limepakwa ule ung'avu mweupe wa kioo, na mahali bomba linapodondosha pana ulimi wa rangi ya kutu unaoteremka hadi kwenye tundu.

Masinki ya aina hiyo yana hadithi ambayo ingeeleweka vizuri mnadani. Mwaka 1883 huko Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alichukua hori la chuma la kunyweshea mifugo, akalipaka ung'avu wa kioo na kulitia miguu minne. Simulizi ya kampuni yake inasema la kwanza alimpa mkulima kwa kubadilishana na ng'ombe mmoja na kuku 14. Ukimwambia Mbarabaig kwamba mtu alitoa ng'ombe ili apate hori la kulala ndani, atakuomba urudie.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshakata tamaa na sinki lake. Lilikuwa na mkanda wa kijivu usawa wa maji, mikwaruzo ya stiliwaya, na sehemu moja iliyofifia kabisa, mahali mtu aliwahi kuacha asidi ilale usiku. Aliponiruhusu nilifanyie majaribio aliniambia nisijali, haliwezi kuharibika zaidi ya hapo.

Nikaligawa mafungu manne kwa plasta ya kidonda. Maji nikayapasha moto hadi mkono unapoanza kukataa. Dodoki moja nikalikata vipande vinne ili nisichanganye.

Fungu la kwanza, sabuni ya mche. Nilisugua hadi bega likalalamika. Mafuta yalitoka, lakini palipokauka pakabaki utando mweupe ulioandikika kwa kidole.

Fungu la pili, sabuni ya unga, pakti ya shilingi 500. Niliikoroga na maji kidogo ikawa uji mzito, nikaupaka, nikakaa kwenye ngazi za jikoni dakika 20 nikimsikiliza mwalimu akieleza jinsi Karatu ilivyokuwa sehemu ya Mbulu. Niliporudi, mkanda wa kijivu ulikuwa umekuwa laini kama samli. Dodoki lilipita mara mbili, ukatoka kwa vipande.

Fungu la tatu, sabuni ya maji iliyotengenezwa na kikundi cha akina mama, nusu lita kwenye chupa ya soda. Ilisafisha karibu sawa na ya unga. Lakini povu! Nilisuuza kopo tisa ambapo ya unga ilitaka nne. Kwa anayenunua maji kwa dumu, hizo kopo tano si jambo la kupuuza. Watu wengi wanapima ubora wa sabuni kwa povu, na watengenezaji wanawapa wanachotaka, wakati povu lenyewe halisafishi kitu.

Fungu la nne, magadi, kwa ombi la mke wa mwalimu aliyekulia upande wa Hanang, ambako Ziwa Balangida linaacha ukoko wa chumvi kiangazi. Kwenye mafuta yalifanya kazi, polepole. Ila hayakuwa yamechekechwa, na kila chembe ya mchanga iliandika mstari kwenye ule ung'avu. Kwa sufuria ni sawa. Kwa sinki hapana.

> Pakti ya shilingi 500, maji ya moto na dakika 20 za kukaa kwenye ngazi: hivyo ndivyo vilivyoshinda.

Ulimi wa kutu haukuguswa na sabuni yoyote. Huo si mafuta, ni madini ya chuma, na madini yanataka kitu kichachu. Nilikamulia ndimu tatu kwenye kitambaa, nikakilaza juu yake saa moja. Ukafifia kutoka rangi ya chai ya rangi hadi rangi ya chai ya maziwa. Ganda la chokaa kwenye kichwa cha bomba la mvua lilitoka kwa njia hiyo hiyo, kitambaa kimefungwa kwa mpira usiku kucha. Ndimu na siki nazo ni asidi, tena zinakula sementi kidogo kidogo, kwa hiyo ni za bomba na sinki, si za sakafu.

Mwalimu, akicheka, aliuliza kama ndimu ingetoa na rangi ya kahawia kwenye meno yake. Haingetoa. Rangi hiyo, ambayo wengi wa kaskazini tumezaliwa tukiiona kwa wazazi wetu, inatokana na floraidi iliyomo kwenye maji ya Bonde la Ufa, na iliingia kwenye jino wakati jino bado linaumbika utotoni. Kwenye sinki floraidi haionekani kabisa.

Chupa ya maji isiyo na maji

Kikundi kilichotengeneza ile sabuni ya maji ni kimoja kati ya vingi. Karibu kila kata niliyopita kuna akina mama wanaokoroga: salfoniki, slesi, magadi ya soda, chumvi ya kuifanya nzito, rangi, pafyumu. Ndoo, mwiko mrefu na mafunzo ya siku mbili vinatosha kuanza. Wateja ni shule, migahawa, zahanati na majirani.

Mitaji ya vikundi vya namna hii mara nyingi inatoka kwenye ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejea 2024. Kwa kikundi kinachonunua salfoniki Arusha, kipindi hicho kilikuwa kirefu.

Hapa ndipo pande mbili zinapovutana, na kila moja ina hoja.

Upande wa wadhibiti, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linataka bidhaa inayouzwa iwe imepimwa na ina alama ya ubora. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo inasimamia kemikali zenyewe, chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Salfoniki ni asidi kali. Isipotulizwa sawasawa na magadi ya soda, sabuni inabaki chachu na inakula ngozi. Magadi yakizidi, inakula ngozi vilevile. Macho hayawezi kuona tofauti, wala pua.

Upande wa akina mama, wanauliza alama hiyo itapatikanaje na mtu aliye Dongobesh mwenye ndoo mbili. Njia ipo: mjasiriamali mdogo anayepitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, anaweza kupata huduma za TBS bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Lakini niliowauliza wengi hawakuwa wameisikia. Wanachojua ni kwamba siku moja mtu atakuja na faili.

Mimi naona jambo moja halihitaji kusubiri faili. Ni chupa. Sabuni ya kijani kwenye chupa ya soda, sabuni ya machungwa kwenye chupa ya juisi, na asidi ya manjano kwenye chupa ya maji, zote zinakaa sakafuni kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili. Kule Katesh ile chupa ya binti ilikuwa bado na kizibo chake cha bluu cha kampuni ya maji.

Hewa ya mwaka 1915

Kuna kosa moja kubwa kuliko asidi yenyewe: kuichanganya na jiki.

Wahudumu wawili waliniambia, kwa fahari kidogo, kwamba wakikutana na bafu sugu wanachanganya vyote viwili ili nguvu iwe mara mbili. Nguvu haiwi mara mbili. Jiki ni klorini iliyofungwa ndani ya maji, asidi inaifungua. Inayotoka ni hewa ya klorini, ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na kuwaua askari kwenye mahandaki yao. Bafu la selfu lisilo na dirisha ni handaki dogo. Mkojo mwingi uliokaa nao ukikutana na jiki unatoa hewa chungu ya aina yake.

Nalisema hili kama mkosaji. Miaka kadhaa nyuma, kwenye chumba cha kupanga, niliwahi kumwaga jiki juu ya dawa ya chooni ili nihame nikiacha pasafi. Nilimalizia usafi huo nimekaa nje kwenye kibaraza, machozi yakinitoka, kifua kimebana kana kwamba mtu amenikalia. Mama mwenye nyumba alidhani nalia kwa kuhama.

Jiki ina kazi yake, na ni moja: kuvu. Ule weusi wa kwenye kona na kwenye pazia la bafu, unaopendwa na ukungu wa Mbulu, sabuni inaulegeza lakini haiuui. Bafu likishasuguliwa na kusuuzwa kabisa, jiki iliyozimuliwa ipakwe mahali penye kuvu tu, mlango ukiwa wazi, na isikutanishwe na ndimu, siki wala asidi.

Tope la Desemba

Hanang huwezi kuandika habari ya kusugua sakafu bila kufika asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba nyingine zilifutika. Nyingine zilibaki zimesimama zikiwa na tope hadi kwenye madirisha.

Waliobaki walichota kwa majembe na makarai, halafu kwa ndoo, halafu kwa matambara. Katika nyumba moja niliyokaribishwa chai, mama mwenye nyumba alinionyesha bafu: mstari wa tope ungali ukutani juu ya usawa wa kichwa changu, kwenye vinyweleo vya sementi. Pengine pote alisugua au kupaka rangi. Pale aliacha, na sikumuuliza kwa nini.

Tope lile liliwarudisha watu kwenye mambo ya msingi: koleo, maji, brashi ya mti, sabuni ya unga iliyogawiwa pamoja na maharage na mablanketi. Hakuna aliyekuwa na asidi.

Nchi hii imefundisha usafi kwa muda mrefu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili mbele ya redio, kwenye vikundi, na vyoo vikachimbwa. Kampeni ya Nyumba ni Choo imeendeleza kazi hiyo kizazi chetu. Haydom yenyewe, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwei miaka ya 1950, ilikuwa moja ya sehemu nane duniani zilizoshiriki utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, ukaonyesha jinsi vijidudu vya tumboni vinavyowasumbua hata watoto wasioharisha. Tumefundishwa kuchimba, kuezeka na kunawa mikono. Kusugua bafu kumeachwa kuwa kitu ambacho wasichana wanazaliwa wakikijua.

Hawakijui, wanakopi kwa waliowakuta kazini. Siku yangu ya mwisho Katesh nilimrudia yule binti na pakti ya unga, birika la maji ya moto na dodoki. Tulipaka uji kwenye bafu za vyumba vinne mfululizo, kisha tukarudi cha kwanza. Ulipofika muda wa kusugua cha mwisho, vingine vilikuwa vimekwisha. Bafu nne zilichukua dakika 50. Muda mwingi kati ya zile dakika 25 za bosi wake ulikuwa wa kusubiri, na ukisubiri bafu nne kwa pamoja unasubiri mara moja tu. Alimaliza kwa tambara kavu ukutani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Bafu kavu halina cha kuulisha ukoga.

Hesabu ile nilimpelekea bosi. Alisema ataifikiria, kisha akaniuliza glavu zinauzwa wapi. Nikamwambia hapo Katesh hazikosekani kwenye duka la dawa za mifugo.

Halmashauri za Hanang, Mbulu Mji na Mbulu Vijijini, mkipitisha mkopo ujao wa kikundi cha sabuni, ambatanisheni vitu vitatu: karatasi za kupimia uchachu, chupa zenye lebo, na anwani ya ofisi ya SIDO. Wenye gesti, ile chupa yenye kizibo cha bluu iondoeni leo.